Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Makumbusho: aliyeusuka mkeka ule yupo, na ana jina

Ndugu Mkurugenzi,

Assalaam aleikum.

YAH: KADI YA MKEKA ULIOPO CHUMBA CHA CHINI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za bahasha nimeshaziandika. Ya kwanza niliikabidhi ofisini kwako, karani akaigonga muhuri wa kupokelewa. Nyingine nilimpa ofisa wako wa maonyesho mkononi. Baadaye tukaja kikundi kizima cha wasukaji, ukatupokea vizuri, ukatuagizia soda, ukasimama mbele yetu ukasema kadi zote za chumba cha chini zitaandikwa upya kabla ya Ramadhani. Wanawake walipiga vigelegele. Ramadhani ikaingia, ikatoka. Idi zote mbili tumesali. Maulidi yamesomwa. Jumamosi iliyopita umefungua maonyesho mapya, mgeni rasmi amekata utepe, na kadi ni ile ile.

Kwa umri wewe ni mdogo wangu, kwa cheo ni mkubwa wangu, nami nimejitahidi kuyachunga yote mawili. Naomba nieleze kilichotokea siku hiyo, maana ulikuwa na wageni na huenda hukukiona.

Mama yangu mzazi alikuwepo. Nilimleta kwa bajaji, kajifunga doti mpya ya kanga, kwa sababu nilimwambia safari hii ataona jina lake. Nilimwambia hivyo kwa kuliamini neno lako. Tukashuka chumba cha chini. Kadi inasema: mkeka wa Pwani, ukindu na rangi, mtengenezaji hajulikani, zawadi ya Bwana fulani. Jina la mtoaji limeandikwa kamili, lake, la baba yake na la babu yake.

Mama hakuanza na kadi. Alitazama misumari. Mkeka umetundikwa kwa misumari minne, kila pembe mmoja, na imepigwa katikati ya ukili, ule utepe mrefu wa kusuka ambao ukishonwa na wenzake ndio unafanya mkeka. Uzito wa mkeka umeanza kuvuta mishono, na upande wa juu kulia kili mbili zimeachana, kidole kinapita. Akanyoosha mkono kuurudisha ukili mahali pake. Kijana wenu akamwambia, "Bibi, usiguse, hiyo ni mali ya makumbusho." Simlaumu yule kijana. Yuko kazini, na alisema kwa adabu. Mama akaurudisha mkono ndani ya kanga. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliizungumzia misumari tu. Jina hakulitaja hata mara moja, na hilo ndilo lililonifanya nisilale.

Ofisa wako alinitaka nilete uthibitisho. Cheti cha kuzaliwa cha mama, barua ya mtendaji wa mtaa, risiti ya mauzo, na picha inayomwonyesha akiusuka. Ndugu Mkurugenzi, mama amezaliwa kijijini kabla ya Uhuru, mikononi mwa mkunga wa jadi. Cheti hana. Barua ya mtendaji nimeileta, ipo kwenye faili lenu. Risiti ya mkeka ulionunuliwa barazani kwa fedha mkononi ingeandikwa na nani? Na miaka ile nani angeleta kamera uani kumpiga picha mwanamke anayechana ukindu? Naomba kujua kama mtoaji naye aliombwa picha na risiti, au yeye neno lake lilitosha.

Uthibitisho upo kwenye mkeka wenyewe, kwa mtu anayejua kuusoma. Mama alikuwa akiukata ukindu ungali mchanga, akiuanika mpaka ukaiva weupe, kisha akichana chane kwa ukucha wa dole gumba, na chane zake zilitoka sawasawa kiasi kwamba wenzake walikuwa wakija kuomba wapewe. Rangi alizichemsha mwenyewe kwenye sufuria kuukuu, zambarau, kijani na nyekundu, kila moja na siku yake, na sisi watoto tulikatazwa kulikaribia lile jiko. Kusuka alikuwa akisuka alfajiri, kabla jua halijakausha hewa, kwa sababu ukindu mkavu hukatika. Zile chane alizifunga kwenye kitambaa kibichi kando ya goti. Ukili ukirefuka pima kadhaa anauviringisha, anaanza mwingine, na zikitosha anakaa kushona. Mkeka mmoja mkubwa wa aina ile ulimchukua kama miezi miwili, pamoja na kupika, kuchota maji na kutuogesha.

Sasa tazama ukili wa mwisho wa pembeni. Wasukaji wengi wa kwetu huweka pale chane mbili za zambarau zikienda pamoja. Mama huweka moja peke yake. Alifundishwa hivyo na shangazi yake. Na pale mshono wa mwisho unapofungwa, hurudisha uzi nyuma mara tatu kabla ya kukata. Nenda pembe ya chini kushoto, inama, utaona. Mtaani kwetu mwanamke yeyote wa rika lake akiuona mkeka ule atakuambia ni wa nani kabla hujamaliza kuuliza. Watu wanne wa kikundi chetu walikuambia, siku ile ya soda. Neno lao halikuandikwa popote.

Ulituambia siku hiyo, kwa upole, kwamba tatizo ni la historia: majina ya wanawake hayakuhifadhiwa, na makumbusho haiwezi kuandika isichokijua. Nimefundisha somo la historia shule za sekondari mpaka nikastaafu, kwa hiyo naomba niliseme hili kwa kituo. Majina hayo hayakupotea yenyewe. Kila yalipokosekana kulikuwa na mtu aliyeshika kalamu akaamua asiulize, na mara nyingine jina lilikuwa mbele ya macho yake.

Uholanzi, mji wa Haarlem, palikuwa na mchoraji Judith Leyster. Mwaka 1633 alipokelewa kwenye chama cha mafundi wachoraji wa mji ule. Picha zake alizitia alama yake mwenyewe, herufi za jina lake zimeunganishwa na nyota. Alifariki 1660, na baada ya hapo picha zake zikaanza kuitwa za Frans Hals, mchoraji mwanamume wa mji ule ule, au za mumewe, Jan Miense Molenaer. Zikauzwa hivyo, zikatundikwa hivyo, zikasifiwa hivyo, zaidi ya miaka mia mbili, na ile nyota ipo pale pale juu ya turubai. Ni 1893 ndipo mtaalamu Cornelis Hofstede de Groot aliposema hizi ni za Leyster. Huyo mama alisaini! Alifanya kila mnachotuambia tungefanya, na bado wakamvua kazi yake wakamvika mwanamume, kwa sababu kwao kazi nzuri kiasi kile haikuweza kuwa ya mwanamke.

Kule London, chuo cha kifalme cha sanaa kilipoanzishwa 1768, wawili kati ya waanzilishi wake walikuwa wanawake, Angelica Kauffman na Mary Moser. Johann Zoffany akachora picha ya wanachama wamekusanyika darasa la kuchora mwili wa mtu akiwa uchi, darasa ambalo wanawake walikatazwa kuingia. Wale wawili hawamo chumbani. Amewachora kama picha zilizotundikwa ukutani, juu ya vichwa vya wanaume. Baada yao ilipita mpaka 1936 ndipo mwanamke mwingine, Laura Knight, akachaguliwa mwanachama kamili. Paris nako, chuo kikuu cha sanaa cha serikali kiliwafungulia wanawake mlango 1897. Wenye makumbusho makubwa ya huko ndio walioandika utaratibu ambao sisi tumeurithi tukiuona ni elimu.

Lakini sitaki kukaa Ulaya, maana mkeka uko hapa kwetu.

Tuanze na kanga, ambayo mgeni rasmi aliisifia kwenye hotuba yake. Tunavyosimuliwa, ni wanawake wa Pwani waliochukua vitambaa vya leso vilivyoletwa na meli, wakaviunga sita kuwa nguo moja, kabla hakijatokea kiwanda cha kuichapa hivyo. Maneno yanayoandikwa pale chini yametoka vinywani mwa wanawake, kwenye mipasho, kwenye ngoma, kwenye ugomvi wa wake wenza. Chukua kanga yoyote uipindue ukingoni: utakuta jina la mfanyabiashara au la kiwanda. La aliyetunga yale maneno halipo. La aliyechora mji na pindo halipo. Kanga ulizotundika chumba cha chini zina kadi zinazotaja mwaka na nchi zilikochapwa, basi.

Rwanda, upande wa mashariki, Kirehe, kuna sanaa ya imigongo, ile michoro ya pembepembe ya nyeusi, nyeupe na nyekundu inayoinuliwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu. Waliokuwa wakiifanya ni wanawake, ndani ya nyumba zao, mama akimwachia binti. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 waliokaa chini kuifufua walikuwa wanawake, wengi wao wajane, wakaunda ushirika. Ukiuliza nani aliianzisha, unapewa jina moja, la mtoto wa mfalme wa Gisaka, Kakira mwana wa Kimenyi. Sina sababu ya kumkatalia marehemu. Nauliza tu imekuwaje mikono ya vizazi na vizazi vya wanawake ikatoa jina moja, na jina hilo likawa la mwanamume.

Na pale kwenye kabati la vyungu umeweka vyungu vya Wakisi, wa Ziwa Nyasa. Vinafinyangwa na wanawake, Ikombe huko, vinavushwa kwa mtumbwi kwenda kuuzwa mnadani Matema. Kadi inasema "Wakisi". Kabila zima limefinyanga chungu kimoja.

Sasa panda ngazi twende chumba cha juu. Kule kuna picha za Tingatinga, na kila moja ina jina la mchoraji, mahali alipozaliwa na mwaka. Ni haki yao na nafurahi kuyasoma. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za nyumba juu ya vibao vya mraba, na 1972 akafariki. Miaka minne. Katika miaka hiyo minne alifanya jambo kubwa mpaka jina lake likawa jina la mtindo wenyewe, na Mungu amrehemu. Mama yangu alianza kusuka akiwa hajavunja ungo. Namwekea marehemu heshima yake yote, ninachouliza ni kwa nini heshima hiyo ikifika kwenye ngazi za kushuka inaishia hapo.

Wachongaji wa Kimakonde nao ni mfano mzuri, na nakuomba uutafakari. Vinyago vyao navyo viliwahi kuuzwa kwa jina la kabila tu. Kisha wanunuzi na wafanyabiashara wa Dar es Salaam wakaanza kuuliza hiki kachonga nani, na leo tunawajua akina Samaki Likankoa na George Lilanga. Vinyago havikubadilika hata kidogo kwa kuulizwa swali hilo, ila wenyewe wakapata majina, na majina yakaleta bei, safari na wanafunzi. Mwanamke anayesuka hakuulizwa. Akija mnunuzi, anauliza bei, anaomba apunguziwe, anaondoka.

Siti binti Saad, kabla ya kuimba, alikuwa akiuza vyungu. Alikwenda Bombay 1928 kurekodi, na sahani za santuri zikabeba jina lake, Shaaban Robert akaandika wasifu wake, na ndiyo maana tunamjua mwanamke wa Fumba aliyezaliwa kwenye ufukara. Mama yake alikuwa mfinyanzi. Vyungu vya nyumba ile vilipikia watu Unguja nzima, na havikuandikwa popote. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na jina lake limevuka zaidi ya miaka mia moja na sitini kwa kunakiliwa kwa mkono. Walionakili waliona jina la mama huyo linastahili wino. Kwa hiyo usiniambie kwetu haiwezekani.

Inawezekana, na imefanyika humu humu Afrika. Nigeria kulikuwa na mfinyanzi aitwaye Ladi Kwali. Mitungi yake ilikuwa nyumbani kwa Emir wa Abuja kabla Mwingereza Michael Cardew hajaiona huko na kuuliza nani kaifinyanga. Akauliza, akajibiwa, na 1954 Ladi Kwali akaingia kwenye kituo chake cha ufinyanzi, mwanamke wa kwanza pale. Leo yupo kwenye noti ya naira 20, na mtungi wake. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda Abuja kujifunza kwa wanawake hao hao, na mitungi yake sasa inagombaniwa na makumbusho ya dunia. Yote hayo yalianza na mtu mmoja kuuliza nani kafanya hiki.

Nimtaje na Rosemary Karuga wa Kenya, maana kila nikimfikiria nashikwa na hasira. Alisoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanamke wa kwanza kwenye shule ile, shule ambayo yenyewe ilianzishwa na mwanamke, Margaret Trowell, 1937. Akarudi nyumbani akawa mwalimu, akalea, akalima. Alirudia sanaa uzeeni, akikata karatasi za pakiti za unga na sabuni na kuzigandisha mpaka zikawa sura za watu na wanyama. Mwaka 1990 kazi zake zikaonyeshwa Harlem, New York. Alikuwa na zaidi ya miaka sitini. Amefariki 2021. Miaka yote ile ya katikati, kipaji kile kilikuwa kinasahihisha madaftari, na hakuna ofisi ya utamaduni iliyobisha hodi kwake kumwomba hata picha moja.

Nimejaribu kuelewa kwa nini kwako imeshindikana, na nitasema ninavyohisi.

Nahisi chanzo ni ile fomu. Ofisa wako alinionyesha daftari la kupokelea vitu. Kuna nafasi ya jina la kitu, nafasi ya kabila, mahali, tarehe na mtoaji. Nafasi ya aliyekitengeneza haipo. Mtindo huo ni wa wakati wa mkoloni. Mjerumani Karl Weule alipozunguka Lindi, Masasi na Newala 1906 akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig, kwao Ujerumani, jina lililoshikamana na vitu vile hadi leo ni lake yeye mkusanyaji. Wamekwenda, Uhuru umekuja, daftari limebaki. Karani akikuta hakuna nafasi ya kuandika jina, haandiki, na aliyemfuata akikuta halikuandikwa anasema halijulikani.

Pia nahisi mnaogopa fedha. Mkimtaja msukaji leo, kesho ataulizia ile picha ya mkeka wake mliyoichapa kwenye kalenda. Kama ndiyo hofu, tuizungumze waziwazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 imempa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa jina lake, na kazi za sanaa za mikono zimo humo. Sijaja na wakili. Natumaini sitamhitaji.

Na la mwisho ninalohisi ni gumu zaidi kulisema. Nahisi mnaona kusuka mkeka si kazi ya akili. Kwamba mwanamke akikaa chini na ukindu, vidole vinakwenda vyenyewe kama vya kuku anayeparua. Ndiyo maana chumba cha juu kimeandikwa "Wasanii" na cha chini "Kazi za mikono za akina mama". Keti na mama yangu asubuhi moja, umwone anavyohesabu chane kichwani ili ua la zambarau lililoanzia ukili wa tatu likutane na nusu yake kwenye ukili wa nne, akiwa bado hajausuka huo wa nne. Hachori popote. Hana karatasi. Akikosea chane moja mwanzoni, atagundua wakati wa kushona, pima nyingi mbele, na atafumua. Niliwafundisha wanafunzi wengi hodari, na sikumbuki aliyeweza kushika hesabu ndefu kiasi hicho bila kalamu.

Mimi mwenyewe nimechoka, Ndugu Mkurugenzi. Magoti yananiuma, ngazi za ofisi yako ni ndefu, na kila nikija naambiwa mhusika yuko semina. Nauli ya bajaji inatoka kwenye pensheni ambayo unajua inavyokuja. Kikundi chetu kilikuwa na wasichana waliokuja kujifunza. Wamebaki wachache, wengine wamekwenda kuuza mikeka ya plastiki sokoni, na siwezi kuwalaumu. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, nijifunze miaka mitano ili niwe asiyejulikana?" Sikuwa na jibu la kumpa, na jibu hilo lilitakiwa litoke kwako.

Wewe na mgeni rasmi mlisema Jumamosi kwamba wanawake ni walezi wa utamaduni wetu. Tumechoka kuitwa walezi kwa wingi. Mlezi ana jina. Hata kwenye kitabu cha kliniki ya mtoto huandikwa jina la mama.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Naomba misumari ile itolewe, mkeka ulazwe au utundikwe kwa ubao unaoshika ukingo wote, na mama aruhusiwe kuushona pale ulipoachana, maana fundi wake ni yeye na bado anaweza. Naomba daftari liongezwe nafasi ya aliyetengeneza. Naomba wanawake wa kikundi waitwe chumba cha chini wapitie kadi zote, mikeka, misala, makawa na vyungu, waseme wanavyovijua kabla wazee hawajaisha, kwa sababu kila mwaka tunazika. Naomba kibao cha mlangoni cha "Kazi za mikono za akina mama" kiondolewe. Naomba ile kalenda ijadiliwe.

Hayo yote yana bajeti na vikao, nafahamu. Ukiniambia ni ya mwaka ujao wa fedha nitasubiri, kama tulivyozoea. Ila lipo moja lisilohitaji kikao.

Mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia halioni tena mbali, la kushoto daktari amesema tusichelewe, na fedha ya upasuaji tunachanga. Alijifunza kusoma miaka ya sabini, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, jioni, baada ya kazi zote za nyumba, na neno la kwanza aliloandika peke yake lilikuwa jina lake. Bado anaweza kulisoma likiandikwa kwa herufi kubwa. Mwaka kesho sijui.

Jina lake silitaji kwenye barua hii kwa sababu yeye mwenyewe amekataa. Amesema litangulie kuandikwa kwenye mkeka wake, halafu huku kwingine mtajua wenyewe. Wewe unalo. Lipo kwenye barua iliyogongwa muhuri, lipo kwenye barua ya mtendaji wa mtaa, lipo kwenye karatasi uliyoiandika kwa mkono wako siku ile wanawake walipopiga vigelegele, nilikuona ukiliandika ukaliweka mfuko wa shati.

Ile kadi ni ndogo kuliko kiganja. Karani wako ana kompyuta na printa, nimeziona. Andika jina lake. Kama mnataka kuendelea kuchunguza, andikeni "inasemekana umesukwa na" kisha jina lake, mimi sitagombana na hilo neno. Mtoaji mwacheni, alitoa kwa moyo wake, jina lake libaki. Andika na la aliyeusuka. Iwe wiki hii, kabla ya Ijumaa, nimlete baada ya sala ya Adhuhuri. Herufi ziwe kubwa, Ndugu Mkurugenzi, nakuomba sana, na kadi iwekwe chini kidogo, usawa wa mtu mfupi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, binti wa msukaji

Nakala:
Afisa Utamaduni wa Wilaya
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa
Wanawake wote wa kikundi cha wasukaji